Mkono wa Kushoto wa Mama Tausi

Mdogo wangu Zuhura,

Leo salamu zitasubiri kidogo. Nikianza nazo nitazunguka tena mpaka karatasi iishe, kama nilivyofanya kwenye barua mbili nilizozichana. Nililokuficha ni hili: Mama Tausi wa Njombe, rafiki yako wa kwenye kundi la mikeka, ni mimi kaka yako Idrisa. Hakuna mwanamke huyo. Mikeka unayoiona kwenye picha zake nimeisuka mimi, na yote uliyomwandikia niliyasoma mimi.

Sasa nikusalimu. Amani iwe nyumbani kwako Rusimbi. Mguu unaendeleaje? Umekubali kwenda hospitali, au bado unaukanda kwa mawese na kudai umepona? Mimi bado niko Iringa kwa mwanangu Rehema. Baridi inaniingia mpaka kwenye meno. Juzi daktari alimwambia Rehema pale mlangoni, akidhani sisikii, kwamba moyo wangu umechoka na tusiweke mipango ya mbali. Ndiyo maana naandika. Barua hii anakuletea mwalimu mmoja anayekuja Kigoma likizo. Isome mwenyewe, usimpe mjukuu akusomee kwa sauti. Na nakuomba, Zuhura, usipande treni kabla hujaifikisha mwisho.

Ilianza baada ya mke wangu kufariki. Rehema alininunulia simu kubwa nisome magazeti. Siku moja ikaja video fupi ya mikono inasuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkeka. Hakukuwa na uso wala jina, ni mikono tu na majani ya ukindu. Niliitazama mpaka simu ikazima. Wiki ile nikaenda sokoni nikanunua ukindu unaoletwa kutoka Kyela, nikamwambia Rehema ni wa kufungia vitabu vyangu. Nikajifungia chumbani kuona kama vidole vinakumbuka. Vilikumbuka.

Utashangaa nilijifunzia wapi. Ule mwaka nilioumwa kichocho nikakaa nyumbani bila shule, wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Mama alinifundisha nitulie. Baba alipotukuta alisema mtoto wa kiume anayesuka mikeka amfuate mama yake kuolewa. Tangu siku hiyo tulisuka akiwa ziwani, na mlango tukiufunga. Shuleni walinichapa mpaka nikaacha kuandika kwa mkono wa kushoto. Kwenye ukindu hakuna aliyenichapa, basi nikabaki na mkono wangu wa kushoto.

Chini ya ile video watu walikuwa wanaelekezana kwenye kundi. Lilikuwa la wanawake tu. Msimamizi aliponiuliza jina nikaandika la kwanza lililonijia, na laini nikatumia ile ya pili usiyoijua. Wakitaka nizungumze nilisema kipaza sauti changu kimekufa, wakaanza kuniita Bubu. Sikujali. Mle ndani mama wa Pemba alitufundisha kuchemsha rangi isichuje, na Mrundi mmoja aliyeko Kasulu alituonyesha vikapu vyake vyenye mifuniko mirefu, nikalala navyo kichwani. Nimefundisha shuleni miaka yote ile, Zuhura, lakini sikuwahi kukaa na watu wanaofurahia kitu kimoja namna hiyo.

Kisha ukaja wewe. Nilisikia sauti kabla sijaona jina: "Mwakeye wasukaji! Mimi bibi wa Rusimbi, mjukuu ndiye aliyeniingiza humu. Nikibonyeza vibaya msinicheke, mnifundishe."

Nilipaswa kutoka saa ile. Nilibaki kwa sababu ulikuwa na maneno ambayo mimi hukuwahi kunipa. Ukinipigia mimi kaka yako ni shikamoo, hali, watoto, kwaheri. Mama Tausi ulimweleza habari za ndoa yako, ukamtania kwa ububu wake, ukamtumia wimbo. Siku moja ulimwambia, "Mimi nina kaka mwalimu. Nikimpigia najiona nimesimamishwa mbele ya ubao." Nilicheka peke yangu chumbani. Halafu sikucheka tena.

Kosa kubwa ni ile picha ya mkeka wa zambarau. Uliniandikia pembeni, nje ya kundi, ukauliza pindo lile nimefundishwa na nani. Nikajibu, na mama yangu. Ukauliza mama yako ni mtu wa wapi. Nikajibu, wa Ujiji. Nilikuwa nimechoka kusema uongo, nikaona nikupe mambo mawili ya kweli. Hayo mawili ndiyo yaliyotuharibia.

Jioni yake ukanipigia mimi Idrisa, na sauti yako ilikuwa imebadilika.

"Kaka, mama yetu alizaa kabla hajaolewa na baba. Nimempata dada yetu. Yuko Njombe."

Nikakuuliza umejuaje.

"Mikeka yote ya mama ncha za pindo zimelalia kulia. Ni mmoja tu zimelalia kushoto, ule wa harusi yangu. Nilijua ile ni siri ya mama kwa binti yake. Sasa huyu Mama Tausi anayo. Mama hawezi kumpa siri ile mtu asiyemzaa."

Ulikuwa unalia na kufurahi pamoja. Pale pale ningeweza kusema. Nilisema, "Tumwombe Mungu," nikakata simu. Mwanaume mzima, mwalimu mstaafu, nikajifunika blanketi.

Tangu hapo sina usingizi. Ulimwandikia Mama Tausi kwamba mwaka huu hukumsomea mama hitma, kwa kuwa hujui unamsomea mama yupi, uliyemjua au aliyewaficha. Ukamwambia pia kwamba umemweleza binamu yetu Ramadhani, naye anataka kuwaita wazee wa ukoo waulizane mtoto huyo alikuwa wa nani. Mama ambaye hakuwahi kupita barazani kwa watu bila kujifunika anajadiliwa na watu wazima kwa ajili ya pindo langu. Na wewe na mguu huo umeshafunga mizigo, uje kwa treni mpaka Dodoma, kisha basi, unifuate mimi nikupeleke Njombe kwa mtu asiyekuwepo. Kila gari likisimama hapa nje nadhani ni wewe.

Zuhura, mama alizaa watoto wawili, mimi na wewe. Hana la kusamehewa. Mwambie Ramadhani leo hii, na ukitaka mwonyeshe ukurasa huu. Kisha umsomee mama hitma yake.

Unikasirikie mimi. Ukitaka kulieleza kundi, lieleze. Nimetoka jana bila kuaga, na kumbe kutoka kule kumeniuma kuliko nilivyodhani.

Nisalimie Ramadhani, na mjukuu wako aliyekuingiza kwenye kundi, umwambie alifanya jema. Msalimie shemeji yangu Mwajabu, mjane wa binamu yetu Sefu, na yule jirani wa Katubuka anayekuletea dagaa. Rehema anakuamkia, shikamoo shangazi.

Nilitaka kufunga hapa. Lakini najua utakaa na barua hii, utajiuliza mtoto wa kiume alipataje siri ya binti, na utafika mwenyewe nisikokufikisha. Bora nikufikishe mimi. Najua mkeka ule wa harusi yako umeuhifadhi miaka yote hii, umekunjwa juu ya kabati. Najua umewausia watoto wako ndio watakaokubebea kwenda kaburini, kwa sababu ni kazi ya mwisho ya mikono ya mama.

Mwaka ule vidole vya mama vilikuwa vimevimba, hata kikombe alikishika kwa viganja. Na kwetu binti haondoki bila mkeka wa mama yake. Wakwe wangeutandika na kuukagua. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu. Wewe ulikuwa umepelekwa Mwanga kwa shangazi kufundwa. Mama alilala kitandani akichagua rangi, mimi nikakaa chini, mlango umefungwa. Wageni wakibisha aliuvuta mkeka mapajani akashika sindano. Tulipomaliza aliniambia, "Mwache aamini."

Ushushe mkeka huo, uuweke kando ya mwingine wowote wa mama, utazame ukili unavyolala tangu mwanzo mpaka mwisho, siyo pindo peke yake. Wote ni wa mkono wa kushoto. Mama hakusuka hata ukili mmoja. Mkeka wako wa harusi niliusuka mimi.

Kaka yako,
Idrisa