Kwa Mjomba Aliyesema Hakuna Atakayebaki

Mjomba,

Sikuiti mpendwa. Sasa mamluki waliotawala visiwa vyetu wameondoka, ndipo umemtuma abiria kutoka Mayotte aniulize kama bado kuna waumini huku, na aniambie hujaacha kutuombea. Nilikasirika hata nikasahau kumkaribisha mgeni wa watu chai.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusali. Ulirudi Moroni kutoka Dar es Salaam na Biblia ya Kiswahili, ukawa unatusomea chumbani kwako madirisha yamefungwa kwa kuwa Ukristo ulikatazwa, mimi, mume wangu Salimu na wenzetu wachache, jasho likitutiririka. Ulisoma vizuri. Nilikupenda kuliko baba yangu, na hilo ndilo linaloniuma.

Kisha askari wakaja mchana, wakiongozwa na mamluki mmoja wa Kizungu mwenye msalaba wa dhahabu shingoni. Alipoiona Biblia alicheka. "Wakristo? Hapa?" Akatutoa nje mbele ya mtaa mzima. Wewe ulisimama, hujaguswa hata kwa kofi, ukasema, "Nilikuwa nimepotoka. Hawa walinifuata tu. Yamekwisha, hakuna atakayebaki." Wakakuachia. Walipomuuliza Salimu, alijibu, "Mimi sijaacha." Wakamtia gerezani, wakampiga mpaka sikio lake la kushoto likafa. Wewe ulikuwa umeshapanda boti kwenda Mayotte.

Salimu alipotoka gerezani tulihamia Mutsamudu, kwenye kisiwa kingine, akawa mpagazi bandarini. Mimi nikaacha kusali. Nilikuwa nimekukasirikia wewe na Mungu kwa pamoja. Nikapata kibarua kijijini Patsy, wanakochemsha maua ya langilangi kutoa mafuta ya manukato. Siku moja mama aliyekuwa akichochea moto, Bi Zainaba, akaniuliza, "Wewe si mke wa Salimu aliyefungwa Moroni?"

Niliangalia mlangoni kama kuna anayesikia.

"Usiogope, mwanangu. Kijana wangu alifungwa naye, akarudi anaomba kama yeye. Sasa na mimi naomba. Tupo nyumba mbili tatu, hatuna wa kutufundisha. Mumeo atakubali kuja?"

Nikakaa juu ya kuni nikalia.

Tangu hapo tukawa tunakutana palepale, kwa kuwa moto ule hauachwi peke yake na hakuna anayeshangaa watu kuuzunguka. Usidhani ilikuwa rahisi. Tulitemewa mate sokoni. Ndugu zake Bi Zainaba hawakumwalika tena arusini, na kijana wake alipofariki tulimzika wenyewe. Jirani mmoja, Mwislamu safi, alijua kila kitu na hakutusema hata siku moja. Yeye namheshimu kuliko wewe.

Basi jibu lako ni hili: tupo, na tu wengi kuliko ulivyotuacha. Lakini nisije nikasikia unasema Mungu alikutumia. Wewe ulitutangaza tumekwisha. Mungu ndiye aliyeingia gerezani pamoja na Salimu, akamtoa humo kijana wa Bi Zainaba, akatulinda miaka yote hiyo bila mwalimu. Sina shukrani yoyote ya kukugawia.

Nimewapa wenzangu salamu zako. Salimu alisema, "Mwambie aje." Bi Zainaba anauliza utalala wapi. Njoo, basi, nyumba ya Mungu si yangu nikufungie. Ila usitegemee nikupokee kwa kicheko. Aliyeweza kutuhifadhi sisi sote ataweza na moyo wangu, lakini bado hajafika huko, na mimi sitajifanya.

Safari njema.

Binti wa dada yako,
Mutsamudu