Rula Kafuta Asubuhi ya Darasa la Kwanza

Jumatatu, 3 Februari
Nimekasirika mpaka mwandiko unapinda. Mwalimu wa mdogo wangu kaenda likizo ya uzazi. Aliyeletwa badala yake — nimempa jina la Rula, kwa anavyoipiga mezani — kafuta utaratibu wote wa asubuhi. Wote! Kusalimiwa mlangoni mmoja mmoja, kutundika mkoba kwenye msumari wako, kila mtoto na kazi yake, kisha hadithi mkekani. Kazi ya mdogo wangu ilikuwa kufungua madirisha. Leo Rula kafungua mwenyewe. Mdogo wangu kaingia chini ya meza, kapiga mayowe mpaka nikaitwa huku sekondari, ng'ambo ya uwanja. Rula anasema eti utaratibu ule ulikuwa michezo ya kupoteza muda. Mwezi uliopita mdogo wangu alilia kila siku, mpaka alipoizoea hiyo “michezo”!

Jumanne, 4 Februari
Chini ya meza tena. Wenzake wanapigana kwa mikoba. Rula anapiga rula.

Jumatano, 5 Februari
Mama kaitwa. Mtoto asipotulia kufikia Ijumaa, atakaa nyumbani mpaka “akomae”. Mama akaitikia tu — sawa mwalimu, tutamsema. Tutamsema! Nikamuuliza mbona hakumjibu. “Wewe mwenye vitabu, si ukamwambie?” Anajua kabisa kwamba nikiambiwa nisome kwa sauti darasani natokwa jasho.

Kabla ya kulala mdogo wangu kaniuliza, “Dada, kwani nilikuwa nafungua vibaya?”

Nimeuma mto.

Ijumaa, 7 Februari
Nimesema! Mlangoni, kabla ya kengele. Sauti ya mbu, lakini nimesema: mwalimu, tafadhali rudisha utaratibu, wanatulia wakijua kinachofuata. Akacheka. “Haya, profesa. Darasa lako hilo.” Akatoka. Katoka kweli!

Nikabaki na watoto thelathini. Nikawasalimia mmoja mmoja. Mikoba ikapanda misumarini. Kazi zikafanywa, ila madirisha bado. Sasa wako mkekani wanachora, nami naandika kwenye kiti cha mwalimu. Rula yuko barazani na kikombe chake cha chai, anasubiri tuharibikiwe. Mdogo wangu bado yuko chini ya meza. Kanyamaza, ila hatoki. Ng'ambo, mtihani wangu wa hesabu umeshaanza. Waufanye tu! Nikiondoka, Rula atasema, “Si mliona?”

Mwalimu mkuu anapita barazani. Rula anamnong'oneza, anaelekeza kikombe huku kwetu. Wanakuja —