Nyanya Yako ya Mashindano

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Nyanya usiitupe, nimeifunikia sufuria. Mbegu zake nzima, zianike kwenye gazeti.

~~Ilipasuka yenyewe.~~

Haikupasuka kwa maji uliyomwagilia. Alfajiri niliipima, nikaona imebakiza kidogo kuifikia ile ya fundi baiskeli iliyoshinda mwaka jana. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikaipiga sindano ya maji ili izidi uzito. Ikapasukia mikononi mwangu. Igeuze, utaona kitundu karibu na kikonyo.

Nimekwenda kuwaeleza waamuzi. Sijui uso nitauweka wapi.

Halafu wewe, baada ya kufokewa bure, ukaniomba radhi. Nami bila haya nikajibu, “Yaishe, nimekusamehe.”

Baba