Dawa ya Presha na Chupa ya Chumvi

Jumapili, Kibomet. Mawingu mazito tangu asubuhi, lakini mvua haijanyesha. Moyo wangu umetulia, jambo ambalo kwangu si la kila siku.

Nikiri kwanza: mimi nina hasira za karibu. Wateja wanaoniletea nguo za kushona hapa Kitale wananijua. Mtu akirudisha sketi mara ya tatu, naongea hadi jirani wa dukani anapunguza redio asikie vizuri.

Hasira hizi nilirithi kwa baba. Alikuwa na presha, akaanguka shambani akiwa na miaka hamsini na miwili. Nyumbani wote husema hasira ndiyo ilimuua. Mimi mwakani nafikisha miaka hiyo hiyo.

Naogopa.

Miezi minne iliyopita nilipimwa kliniki, nikaambiwa nina presha, nikapewa tembe za kumeza kila asubuhi. Nikajipangia utaratibu wangu. Siku nikigombana na mtu, nameza. Siku ya amani, naacha. Kama presha inaletwa na hasira, siku isiyo na hasira dawa ni ya nini? Nilijiona nina akili sana.

Jana nilienda Ndalu, upande wa Bungoma, kumsaidia senge kuanika mahindi. Senge ni dada mkubwa wa baba. Amepita themanini, na presha anayo tangu nikiwa shule. Siku zote nimeamini ameishi sana kwa sababu ya upole. Lakini ukikaa naye siku nzima unajua upole hana. Kufikia saa nne alikuwa ameshamkemea kuku, jirani na mimi.

Mchana niliuma punje moja, ikalia ka! Nikamwambia yamekauka, tujaze magunia. Alileta chupa kavu, akatia mahindi kidogo na chumvi, akatikisa, akaiweka chini. Tukangoja. Chumvi ikabaki imeng'ang'ania kioo, maana mahindi yalikuwa bado na maji. Tungeyafunga vile, yangeota kuvu.

"Baba yako pia alikuwa anapima na meno," akasema. "Mahindi ikioza, anagombana na gunia."

Nilicheka sana. Kisha akaniuliza kama nilikuwa nimemeza dawa asubuhi. Nikamweleza utaratibu wangu, tena kwa majivuno kidogo.

"Ati ni dawa ya kugombana?" Akanitazama. "Baba yako alikuwa anasema hivyo hivyo. Akisikia mwili iko sawa, anaacha. Siku ile alianguka hakuwa na hasira, mama. Tulikuwa tunacheka na yeye."

Sikujua hilo. Nilikuwa bwenini wakati ule, na hakuna aliyenisimulia. Nilikaa chini pale kwenye turubai, nikageuza mahindi kwa mkono.

Baadaye niliingia ndani kunywa chai, nikaziona kalenda zake ukutani, za miaka mingi, zimepigiliwa moja juu ya nyingine. Kila siku ina alama ya kalamu, ya dawa aliyomeza. Nikafunua hadi mwaka tuliomzika mume wake. Siku ya mazishi ina alama.

Nimelifikiria hilo tangu jana. Pengine tabia huongeza au hupunguza miaka kwa njia ndogo kama hizo, kupitia mkono unaofungua kopo la dawa kila asubuhi bila kuuliza moyo unasemaje. Senge ni mkali lakini haamini kuhisi tu. Mimi na baba tuliamini meno yetu.

Sidhani hasira zitaniisha. Kesho nitarudi kliniki nipimwe tena, na niwaambie ukweli, hata kama muuguzi atanigombeza. Nimeshapigilia kalenda karibu na cherehani.

Leo sijagombana na mtu yeyote.

Nimemeza.