Bendera ya Shimo la Sita

Uwanja wa Gofu,
Lindi.
16 Juni 1937

Mpendwa mdogo wangu Mfaume,

Shikamoo uliyoituma pamoja na kanzu ya Idi niliipata, marahaba. Hujambo? Na kile kifua chako kinaendeleaje na vumbi la mkonge huko Tanga? Sisi wazima. Mke wangu Mwahija homa imemwacha, alhamdulillahi.

Masika yamekwisha, nasi tumo katika kazi yetu ya kila mwaka. Majani laini hayaoti huku, kwa hiyo pale Wazungu wanapotumbukiza mipira ni duara la mchanga tu. Mvua ikishauharibu, tunaupepeta upya, tunaumwagia oili chafu ya magari usipeperuke, kisha tunaukandamiza kwa pipa lililojazwa zege. Mikono yangu haitakati tena.

Duara la sita lilichukuliwa na maji mwaka jana. Jipya limewekwa makaburini, nyuma ya minazi. Unapajua. Mama yako yupo pale.

Usiseme hukuambiwa. Nilikuandikia kabla ya Idi kwamba Wazungu wamesema kaburi litakaloonyeshwa na mtoto wa marehemu litaachwa. Ukaniletea kanzu. Nikaandika tena mvua zilipoanza, ukasema msimamizi wako wa mkonge hatoi ruhusa.

Nilikwenda mwenyewe kumsemea shangazi yangu, maana ndiye aliyenilea. Karani wa uwanja, Abdulrahmani, akacheka. "Wewe mtoto wa kaka tu, bwana. Mtoto wake wa kumzaa yuko wapi?" Niliona aibu, na aibu ilikuwa yako.

Basi vijiwe vya kichwani na miguuni nimeving'oa mimi. Oili nimemwaga mimi, na pipa nimelivuta mimi. Sikutaka mtu mwingine amkanyage, nikamkanyaga mwenyewe.

Shimo la mpira huhamishwa kila Jumatatu, na mahali nachagua mimi. Majuma matatu nilimkwepa. Lakini mchanga umelala sawasawa, na juzi nilisimama pale nisijue tena yuko wapi. Nilipima hatua kutoka kwenye mnazi mpaka nikampata, nikalitoboa shimo kichwani kwake, nikachomeka bendera nyekundu ya kuonyesha shimo. Nililia, Mfaume, na nilikuchukia. Sitalihamisha mpaka uje, hata wakinifukuza.

Mwahija anakusalimu. Bi Moza, aliyemwosha mama yako, hakusalimu, na amesema nikuandikie hivyo.

Mungu akupe afya ya kutosha safari. Ukifika usimwulize mtu njia. Fuata bendera nyekundu, usome Fatiha, na uangalie mipira.

Kaka yako, ambaye bado anakupenda,
Bakari