Kahawa ya Boga kwa Mama Mkwe

Likasi, Jumatano, mwezi wa nane

Kwa Mama Emérance, mama mkwe wangu, kule Kakanda

Mama,

Pokea salamu zangu za heshima, nazituma nikiwa nimesimama mbali kama inavyotakiwa. Habari ya mguu? Habari ya macho, ya usingizi, na ya hiyo baridi ya Kakanda ambayo watu wanasema inauma kushinda ya kwetu? Sisi hapa Likasi tuko salama, Mungu hajatusahau. Viviane anakusalimu, Jaël mjukuu wako anakusalimu, hata yule kuku mweusi uliyekuwa unamwita Madame Directrice anakusalimu. Bado hatujamla.

Najua umeshtuka kuona mwandiko huu. Tangu nimuoe Viviane ni miaka kumi na tisa, na kwa mdomo sijakuambia kitu zaidi ya salamu ya kwetu, "moyo, mamu", tena nikiangalia viatu vyangu. Baba zetu walipoletwa Katanga kutoka Kasai kwa kazi ya mgodi waliacha mengi njiani, lakini haya ya mkwe hawakuyaacha. Mkwe haketi na mama mkwe, hali mbele yake, hamtazami usoni. Basi naandika, maana karatasi haina macho. Nakuomba kitu kimoja tu: vaa miwani yako uisome mwenyewe, usimpe mtu akusomee, na uimalize kabla ya Jumamosi.

Kwanza nishukuru. Asante kwa unga na karanga ulizompa Floribert atuletee. Huyo kitinda mimba wako na lori lake wanatusaidia sana, ingawa karanga zilifika pungufu na yeye alifika na mdomo wa mafuta. Asante zaidi kwa kukubali kukaa kwetu zile wiki kumi za matibabu. Najua ilivyokuwa aibu kwako kulala kwenye lupango, ndani ya ua wa mkwe, hata kama ni katika nyumba ndogo ya nyuma. Ulikubali kwa ajili ya Viviane, na mimi nilikuwa nakohoa kila mara kabla ya kupita uani ili upate nafasi ya kuingia ndani. Jirani mmoja aliniuliza kama nina kifua kikuu.

Mama, turudi nyuma kidogo. Ulitoka Bulaya kwa mwanao Stéphane mwezi wa kumi na mbili ukiwa umeshiba wajukuu, na umejifunza tabia moja mpya. Ni ile kahawa wanayokunywa kule Liège majani ya miti yanapoanguka, kahawa ya boga na viungo, sukari tele, na povu la maziwa juu kama la sabuni. Ulibeba chupa nne za sharubati yake kwenye sanduku. Mwezi wa tatu, mtawa muuguzi alipokuta sukari imejaa kwenye damu yako na kidonda cha mguu kimegoma kufunga, chupa tatu zilikuwa zimekwisha. Alisema wazi kwamba sukari isiposhuka, mguu utakatwa. Nawe, unisamehe nikikukumbusha, ulijibu kwamba Mungu alikupa miguu miwili na ulimi mmoja, basi kama ni lazima kupoteza, apunguze pale penye viwili. Wote tulicheka. Kisha Viviane akatoka nje ya lupango akalia hadi macho yakavimba.

Aliificha chupa ya nne. Akakuletea kahawa tupu, chungu, ukaimwaga chini ya mpapai ukasema hiyo hata wafungwa wa Buluo wangeirudisha. Siku ya pili ikawa hivyo, ya tatu hivyo. Siku ya nne ukasema kama umefungwa basi umefungwa, na vidonge pia humezi. Ulishika neno lako siku sita nzima, na kidonda kikaanza kunuka. Viviane akaacha kula. Jaël akawa anapiga rozari kwa sauti kubwa ili usikie, nawe ukajifanya umelala.

Halafu Alhamisi moja asubuhi kikaja kikombe. Ulikinusa, ukaonja. Ukasema, "Sasa hii njo kawa," ukauliza amejifunzia wapi. Alijibu kwamba aliiona kwenye telefoni ya Jaël, na kwamba haina sukari hata chembe. Hukuamini ukaonja tena. Hapo mkapatana, kikombe kwanza, vidonge baadaye, na tangu siku hiyo hukukosa hata kidonge kimoja. Mtawa muuguzi alituonya tusijidanganye, kwamba kilichokuponya ni dawa, na kusafisha kidonda, na kuacha sukari. Nakubaliana naye kabisa. Lakini mimi nasema kahawa ndiyo iliyovibeba vile vidonge.

Mwezi wa sita mguu ukafunga, ukarudi Kakanda kwa miguu yako miwili. Kila nikifikiri hilo namshukuru Mungu, hata kazini, mbele ya watu.

Sasa wiki iliyopita Floribert akaleta ujumbe wako. Kwamba Jumamosi hii kuna misa ya shukrani nyumbani kwako. Kwamba Viviane aje apike ile kahawa mbele ya mama wote wa shirika lako la kanisa, wajifunze, maana wengi wao wana sukari kama wewe. Na kwamba baada ya hapo utampaka pemba kwenye paji la uso, ule udongo mweupe ambao mama yako alikupaka wewe, na utambariki kwa ajili ya mkono wake uliokurudishia mguu. Floribert alisimulia akichekacheka. Viviane alimwitikia vizuri, akamsindikiza hadi kwenye lori, kisha akarudi akaketi kwenye kizingiti akafunika uso kwa kitenge. Akaniambia kwamba baraka ya mama haiibwi. Mtu akiipokea kwa kazi ya mwingine inamgeukia. Akaniambia, Casimir, andika, au Jumamosi mimi siendi.

Mama, ni mimi. Ile kahawa nilikuwa napika mimi. Kuanzia kikombe cha kwanza hadi cha mwisho, Viviane hakugusa ila kukubebea.

Naomba usiitupe barua, soma kwanza. Wewe unajua kwamba kabla ya kuja huku kwenye machimbo ya Kakontwe kupima mawe ya chokaa, nilifanya kazi miaka kumi na moja katika labo ya kiwanda, kupima shaba. Mtu wa labo hawezi kuona kitu kimeshindikana akalala. Wakati wa zile siku sita za mgomo wako nilimwomba Jaël anionyeshe kwenye telefoni jinsi wazungu wanavyotengeneza. Yo! Mama, kwa sukari wanayomimina humo, ule si ugonjwa wa sukari, ule ni ugomvi na sukari. Nikachukua daftari, nikaandika: jaribio la kwanza.

La kwanza nilichemsha boga kwenye maji, likawa uji usio na ladha. La pili niliweka karafuu kumi na tano, ulimi wangu ukafa ganzi mpaka saa sita, na Viviane akasema nanuka kama kwa daktari wa meno. La tano lilikuwa zuri ila chungu, nikagundua kosa ni letu sote: sisi tunachemsha kahawa mpaka inakasirika, kisha tunaomba sukari itupatanishe. Sasa kahawa siichemshi. Naepua maji, nangoja kidogo, namimina juu ya unga wa kahawa kwenye kitambaa. Na boga nalichoma kwenye makala, yaani makaa ya moto, na ganda lake, mpaka utamu wake wenyewe unatoka. Vijiko viwili tu vya boga lililopondwa. Tangawizi ya kidole kimoja, kijiti cha mdalasini, karafuu mbili, si kumi na tano, na kungumanga ukwangue mara tatu. Hivyo vyote vichemke pamoja na maziwa yasiyo na sukari, na chembe ya chumvi, halafu kahawa mwishoni. Lilikuwa jaribio la tisa. Nilipoonja nilimwamsha Viviane.

Alikataa. Aliniambia mkwe kumpikia mama mkwe, tena kwa siri, ni tusi, na kwamba ukijua utaondoka siku hiyohiyo, mguu ukiwa wazi. Nikamwambia mguu wake au aibu yangu, chagua. Alichagua akiwa analia. Ndiyo maana asubuhi nilikuwa natoka saa kumi na moja, nawasha mbabula ya makala jikoni nyuma, namaliza kabla hujaamka. Wewe ulimuuliza Viviane mara mbili kwa nini mume wake ni mvivu, kwa nini haonekani asubuhi. Nilikusikia, Mama. Pia nilisikia ukimsifu Viviane kwa majirani, kwamba ana mkono, kwamba aliurithi kwako. Nilifurahi. Na kidogo, nisidanganye, niliona wivu.

Unaweza kuuliza kwa nini nilijisumbua hivyo. Ni kwa sababu ya deni la moyo. Kiwanda kilipotupunguza kazini, ndugu zako walikuja kumchukua Viviane, wakisema binti yao hawezi kuoza na mtu asiye na mshahara. Wewe ndiye uliyesimama. Ulisema hujamwoza binti yako kwa kiwanda, umemwoza kwa mtu. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikasikia kila neno, na desturi ikanizuia kutoka nikushukuru. Tangu siku ile asante imenikaa kooni, nilikuwa naogopa utakufa kabla sijaitoa. Kahawa ilikuwa njia niliyoiona.

Kuna jambo la mwisho, na hili hata Viviane nilimweleza nusu tu. Ijumaa moja uliamka mapema kuliko kawaida. Nilisikia mlango wako, sikuwa na pa kukimbilia, nikachuchumaa nyuma ya gunia la makala palepale jikoni. Ukaja ukaketi kwenye kiti kidogo, ukaota moto wangu, ukifikiri Viviane ameuwasha akaenda kuchota maji. Ukatoa rozari. Mama, rozari nzima! Magoti yangu yalikufa, sisimizi wakanipanda mgongoni, na nilipotaka kupiga chafya nilijibana pua mpaka machozi yakatoka. Ulipomaliza mafumbo ukaanza kuwataja watoto wako mmoja mmoja. Unao sita, pamoja na yule aliyefariki mdogo. Nawajua wote kwa majina, na kuhesabu ndiyo kazi yangu. Nilihesabu sita, nikangoja Amina nipumue.

Hukusema Amina. Ulitaja la saba, ukasema: "Na mutoto wangu Casimir, ule hana mama, umulinde." Hukusema mkwe. Mama yangu alifariki nikiwa kwenye kilasi ya nne, na tangu hapo sikuwahi kusikia mtu akinitaja mbele ya Mungu kama mtoto wake. Nililia nyuma ya gunia lile, mtu mzima wa miaka arobaini na nane. Viviane alipokuja akakuta uso umejaa makala na njia mbili za maji, alifikiri nimeungua.

Sikupaswa kusikia maneno hayo, nisamehe. Nisamehe pia kwa kukudanganya kila siku zaidi ya wiki nane. Wazee wakisema nimevunja heshima ya bukwe, yaani ya ukwe, nilete mbuzi, nitamleta, na nitamfunga mwenyewe mlangoni kwako nikiwa nimegeuza uso. Lakini wakiniuliza ninaomba radhi kwa lipi, nitajibu kwamba ninaomba radhi kwa kuficha. Kwa kupika siombi.

Jumamosi Viviane atakuja, nimemwandikia vipimo vyote, atawafundisha mama wa shirika vizuri. Mimi nitabaki nje kwenye lori la Floribert, hutaniona. Ukitaka kumpaka pemba, mpake kwa sababu ni binti yako na kwa sababu alibeba siri nzito kwa ajili ya mguu wako. Usiwe na wasiwasi juu yangu kwamba nimekosa baraka. Yangu niliipata Ijumaa ile, nimechuchumaa kwenye makala, kabla ya kahawa kuiva.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Meza dawa zako hata siku kahawa ikikosekana, vaa viatu vilivyofunika vidole, na Mungu akuweke miaka mingi.

Mimi mtoto wako,

Casimir