Swali la Mama Verediana kanisani

Bwegera, Jumapili, 1964

Nimejikasirikia mwenyewe kuliko nilivyowakasirikia wale wanawake wanaomtenga Mama Verediana.

Tangu padri akimbie vita, na Karoli mume wangu avuke mto Ruzizi kutafuta dawa, mimi ndiye ninayewasomea watu Injili. Leo niliwasomea mfano wa magugu. Mama Verediana alikaa peke yake kwenye benchi la mwisho, kwa sababu mtoto wake amejiunga na waasi. Hata mimi, wiki nzima nimepita mlangoni kwake bila kumsalimu.

Nilipomaliza kusoma, akasimama.

“Mwalimu, hayo magugu ni mutoto wangu?”

Nikafunga kitabu cha Injili.

“Sijui, mama,” nikamwambia. “Hata katika mpunga wetu, yakiwa machanga hatuyatambui. Ndiyo maana mwenye shamba alisema yaachwe mpaka mavuno.”

“Basi miye nitangoja.”

“Na mimi namngoja Karoli wangu.”

Nikaenda kukaa karibu naye. Kisha mama mkwe wangu, aliyekuwa wa kwanza kumsema vibaya, akanyanyuka polepole, akaja kukaa upande wake wa pili.

Hofu bado ninayo. Mchana tumesikia tena risasi upande wa milimani, na Karoli hajaleta habari. Lakini kesho sisi watatu tunakwenda kupanda mpunga shambani kwa Verediana. Na leo, kwa mara ya kwanza tangu Karoli aondoke, nimesali nikiamini kwamba ninasikiwa.